Mashine Haiulizi Mbai

Sehemu ya Tisa: Diski ya Bishar

Wiki jana, msomaji, ulimwacha Syombua amesimama mlangoni mwa ofisi ya Daktari Mutunga, koplo akifungua pingu, na Mutindi dada yake akinyoosha mikono bila ubishi wowote. Ikiwa ulilitupa gazeti kwa hasira, nakuelewa. Liokote, maana hujaona kitu bado.

Pingu zikafungwa.

"Koplo, huyu ni nesi! Si mwizi wa kuku!" Syombua alifoka.

"Afadhali angekuwa mwizi wa kuku," koplo akajibu. "Kuku haina mama analia hapo nje."

Syombua aligeuka kutazama nje. Kweli mama wawili walikuwa wameketi chini ya ukuta wa wodi, leso zao zimefunika vichwa. Watoto wao waliletwa na malaria, ile malaria iliyokuja na mvua za El Niño na kujaza wodi hadi wagonjwa wakalala wawili wawili kitandani. Wote wawili waliwekewa dripu ya kwinini na Mutindi asubuhi moja. Wote wawili walikufa kabla chupa haijaisha.

Daktari Mutunga, mkuu wa hospitali hiyo ya misheni, aliipima dawa iliyobaki. Ilikuwa mara mbili ya kipimo.

Tangu siku hiyo Mutindi alikuwa na jibu moja tu. "Nilipima vile mashine ilisema."

Mashine yenyewe ilikuwa pale mezani, kompyuta pekee ya hospitali nzima, imefunikwa kitambaa cha kufuma kama bibi harusi. Wafadhili waliileta, Daktari akaisifu mpaka kanisani. Nesi aliandika uzito wa mtoto, mashine ikatoa kipimo cha dawa. Kazi ya Syombua ilikuwa kuitunza.

"Basi mashine ijitetee yenyewe," alisema Daktari. "Bwana Evanson, endelea."

Evanson Ng'ang'a, fundi aliyeitengeneza programu ile, alikuwa ametoka dukani kwake kwenye barabara ya Mombasa. Alikaa, akakunja mikono ya koti lake la kijani, akaiwasha kompyuta.

"Nipe uzito wa mtoto," alisema.

"Kilo kumi na mbili," Daktari akajibu.

Skrini ikaandika: miligramu mia moja na ishirini.

"Ni sawa?"

"Ni sawa kabisa," alisema Daktari.

Wakajaribu uzito mwingine, na mwingine tena. Kila mara jibu lilikuwa sahihi. Evanson akajifuta jasho akatabasamu, tabasamu la mtu aliyepona kesi.

"Mashine yangu haina makosa," alisema. "Labda mkono wa Sista ndio una makosa."

Syombua alitamani kumrukia. Lakini angesema nini? Namba alikuwa ameziona kwa macho yake mwenyewe.

Koplo alimpeleka Mutindi kwenye stoo ya mashuka. Gari la polisi lilikuwa ng'ambo ya mto likingoja maji yapungue. Likivuka tu, Mutindi angekwenda Kitui mjini, kisha mahakamani, na shtaka lilikuwa limeshatajwa: kuua.

Syombua aliomba aongee na dada yake. Koplo, ambaye hakuwa mtu mbaya, akageuka kuutazama mto.

"Mutindi, niangalie. Asubuhi ile ulifanya nini na kompyuta? Kitu hufanyi siku zingine."

"Hakuna."

"Umedanganya. Tangu tukiwa wadogo, ukidanganya unashika sikio."

Mutindi aliliachia sikio haraka. Machozi yakaanza kumtiririka.

"Aiya, Syombua, niache. Hii kitu nikisema itaua mtu mwingine."

"Usiposema itakuua wewe!"

Nje mama mmoja alikuwa akiita jina la mtoto wake, polepole, kana kwamba mtoto yuko karibu na anachelewa tu kuitika.

"Bishar alikuja," Mutindi alisema mwishowe. "Mbuzi zake zilikuwa zinakufa. Alikuwa na diski ya dawa ya mifugo. Ofisi ya afisa wa mifugo imeingia maji, hakuna mahali pa kuisoma. Nikamwambia leta, tuangalie hapa kwetu."

"Uliweka diski ya nje?"

"Niliweka. Nikamsomea. Alitoka. Halafu watoto wakaletwa wakiwa wanatetemeka, nikaita programu yetu haraka haraka."

"Diski ulitoa kwanza?"

Mutindi aliziinamia pingu zake.

"Mutindi! Ulitoa?"

"Nilitoa baadaye."

Kulikuwa na kitu katika hiyo "baadaye". Hakujua bado ni kitu gani, ila alijua kimekaa karibu na ukweli.

"Na kwa nini ulinyamaza?"

"Kwa sababu nikitaja jina Bishar, nani atauliza swali la pili? Watasema Msomali ameleta sumu. Wewe unajua watu. Mtoto wake Aftin nilimlaza hapa mwaka jana, nilimuosha na mikono yangu. Siwezi kumpeleka huyo mtu jela."

Moyo huo, msomaji! Wengine wana roho ndogo kama punje ya mtama, na bado hatuwafungi. Mwenye roho kubwa ndiye tuliyemfunga.

Syombua alitoka mbio. Ilikuwa siku ya mnada wa mifugo katika soko la Tulia, na Bishar hakosi mnada.

Alimkuta katikati ya mbuzi, akimshika mmoja mdomo na kumtazama meno. Bishar alikuwa mfanyabiashara wa mifugo aliyehamia Tulia kutoka upande wa kaskazini, mtu mrefu, mpole, anayeongea kana kwamba kila neno analinunua.

"Dada Syombua. Karibu. Mutindi anaendeleaje?"

"Ana pingu. Nataka ile diski."

Bishar alimwachia mbuzi. Akatazama kulia, akatazama kushoto.

"Yeye alisema nisiseme."

"Ameniambia mwenyewe."

"Wallahi, mimi nilitaka kwenda polisi siku ile ile. Alinikataza. Alisema, Bishar, una watoto, kaa kimya."

Alitia mkono ndani ya koti, akatoa kitu kilichofungwa kwa karatasi ya nailoni, tabaka juu ya tabaka. Syombua alikifungua. Ilikuwa diski ya kawaida tu, nyeusi.

"Ulipata wapi?"

"Nilinunua kwa fundi. Yule wa koti ya kijani. Ng'ang'a."

Syombua karibu aiangushe kwenye matope.

"Evanson? Evanson ndiye alitengeneza hii?"

"Ndiye huyo. Amewauzia watu wa mifugo wengi. Ndani kuna programu inaitwa MIFUGO, na ile ya kufanya hesabu inaitwa DOZI."

"Hapana, Bishar. DOZI ni yetu. Ni ya hospitali."

Bishar alicheka, lakini hakikuwa kicheko cha furaha.

"DOZI wa nani? Dada, kwetu mtu akisema 'mimi ni Aftin', hajasema kitu. Maaftin ni wengi kama mawe. Aftin wa Bishar, wa Gabow, na unaendelea mpaka tukutane kwa babu. Hapo ndio nakufungulia mlango. Nyinyi Wakamba hamfanyi hivyo?"

Syombua alisimama kama aliyepigwa na radi.

Wakamba hufanya hivyo. Mgeni akibisha na kusema yeye ni Mutunga, hata kama ni saa ya mvua, mwenye nyumba atauliza: Mutunga wa mbai gani? Ukoo ndio ufunguo. Jina peke yake ni sauti tu gizani.

Na mashine? Nani aliwahi kuisikia ikiuliza mbai?

Hapo kila kitu kikafunguka. Programu ya hospitali haikubeba hesabu zake yenyewe. Ilizitunza katika faili la pembeni, lile ambalo mafundi huliita maktaba, na kila ilipotaka kupima dawa ililiita kwa jina: DOZI! Ililitafuta kwanza pale pale ulipokuwa umesimama wakati wa kuiwasha, yaani kwenye diski uliyokuwa ukiisoma, na isipolipata ndipo irudi nyumbani kwake ndani ya kompyuta. Mutindi alikuwa amesimama kwenye diski ya Bishar. Mashine ikaita DOZI, na DOZI wa mifugo akaitika. Akapokelewa, akakaribishwa, akapewa watoto.

"Narudi hospitali," alisema Syombua.

"Mimi pia?"

"Hapana, wewe baki. Nipe diski tu."

Bishar alimkabidhi mwenzake kamba ya mbuzi.

"Mtu aliyemuosha mtoto wangu," alisema, "siwezi kumtumia diski halafu mimi nibaki hapa nauza mbuzi."

Walifika hospitalini wakihema. Upande wa mto, maji yalikuwa yamepungua kiasi cha kuonyesha mawe. Evanson alikuwa tayari amefunga mkoba wake.

"Daktari, fundi asiondoke!" Syombua alipaza sauti. "Koplo, mlete Mutindi. Nataka aone."

"Aone nini?" Daktari Mutunga alikunja uso.

"Ile namba iliyoua watoto."

Aliketi mbele ya kompyuta, akaisukuma diski ndani. Akasimama kwenye diski, akaiita programu ya hospitali, kama dada yake alivyofanya. Skrini ikatokea ile ile ya kila siku, na jina la hospitali juu. Hakuna onyo wala king'ora.

"Kilo kumi na mbili," alisema, akaandika.

Jibu likaja: miligramu mia mbili na arobaini.

Daktari aliinama mpaka pua yake ikakaribia kugusa skrini. Koplo alivua kofia.

"Mara mbili," alinong'ona Daktari.

"Ni mashine!" Mutindi alilia. "Niliwaambia! Nilipima vile mashine ilisema!" Akacheka na kulia kwa pamoja, pingu zikigongana, na Syombua akamkumbatia hivyo hivyo na pingu zake. Kwa mara ya kwanza tangu msiba ule, Syombua aliamini watarudi nyumbani pamoja.

Kisha akamgeukia Evanson.

"Kwa nini mbili ziko na jina moja?"

Fundi aliuweka mkoba chini.

"Ya hospitali niliandika kwanza," alisema taratibu. "Ya mifugo ilizaliwa kutoka kwa hiyo, nikapandisha kipimo mara mbili kwa ajili ya mnyama. Sasa kwetu mtoto anapewa jina la babu yake. Niliona ni sawa tu. Mzee ni Ng'ang'a, mtoto ni Ng'ang'a, na hakuna siku mtu amewachanganya."

"Kwa sababu watu wako na macho! Hii mashine uliipatia macho ya kuangalia nani anaingia?"

"Hakuna mtu huwa anafanya hivyo. Programu zote huita kwa jina tu. Nani angejua mtu ataweka diski ya mbuzi kwenye kompyuta ya hospitali?"

Maneno hayo yalitoka kwa unyonge. Lakini koplo aliyasikia, akaivaa tena kofia yake.

"Hilo ni swali zuri," alisema. "Ni nani aliweka?"

Macho yake yakazunguka ofisi nzima.

Syombua alielewa kabla ya mtu yeyote kufungua mdomo. Alielewa, na akatamani ardhi ipasuke. Alikimbia hadi Tulia na kurudi kuleta shoka, na mti uliosimama mbele ya shoka ulikuwa dada yake.

"Koplo, hiyo si—"

"Mimi," alisema Mutindi.

"Mutindi, nyamaza!"

"Ni mimi niliweka. Kwa mkono wangu."

Daktari Mutunga alinyoosha kidole ukutani, na macho yote yakakifuata. Kibao kilikuwa pale, kwa herufi kubwa: HAKUNA DISKI YA NJE. Yeye mwenyewe alikitundika siku ambayo mashine ilizinduliwa.

"Daktari, wewe ndiye ulituambia tusipime kwa kichwa," Mutindi alisema. "Ulisema mashine haichoki, sisi ndio tunachoka."

"Nilisema pia hakuna diski ya nje." Daktari alikuwa akimtazama koplo, si yeye. "Hospitali ilitoa agizo, na fundi ameleta mashine nzuri. Mfanyakazi amevunja agizo. Andika hivyo."

Ndivyo wakubwa wanavyojiosha, msomaji. Maji yao ni machache lakini huwatosha, na uchafu humwagikia aliye chini.

"Mpaka jana kesi ilikuwa ya maneno tu," koplo alisema, na sauti yake ilikuwa na huzuni ya kweli. "Sasa nina ushahidi. Dada, umeleta ushahidi mwenyewe."

Syombua aliichomoa diski, akaiweka mezani.

"Diski ni yangu," ilisikika sauti mlangoni. Bishar, aliyekuwa akingoja nje, aliingia, akainamisha kichwa asigonge fremu. "Mimi ndiye nililetea Sista. Yeye alinisaidia tu."

"Jina?"

"Bishar Gabow."

Koplo alimtazama juu mpaka chini, polepole, kama mtu anayetazama mzigo aliokuwa akiutafuta. Hakuuliza swali la pili.

"Nyoosha mikono."

"Hapana!" Mutindi alipiga ukelele. "Nilinyamaza kwa sababu yake! Nilinyamaza kwa sababu ya hiyo tu!"

Koplo alikuwa na pingu jozi moja. Alimfungua Mutindi mkono mmoja, akaufunga wa Bishar mahali pake. Walisimama hapo nesi na mfanyabiashara, wamefungwa pamoja kama ng'ombe wa kulima. Syombua alitoka asubuhi kumwokoa mmoja, na sasa walikuwa wawili. Hasira yote ilikuwa imemwisha, ikabaki aibu, na aibu ilimuuma kuliko hasira.

Toka mtoni kukasikika mngurumo wa gari. Land Rover ilikuwa inavuka.

Hapo ndipo Syombua alipomwona Evanson. Fundi hakuwa akiutazama mto wala pingu. Alikuwa akiitazama ile diski mezani, na uso wake ulikuwa umebadilika rangi kama majivu.

"Una nini?" Syombua alimuuliza.

"Wacha niende. Nina haraka."

"Haraka ya wapi?"

"Kikima."

"Kuna nini Kikima?"

Evanson alijaribu kumpita. Syombua alimshika koti, kitufe kikakatika.

"Kuna nini Kikima, fundi?"

"Zahanati," alisema Evanson. Alikitazama kitufe chake sakafuni. "Juzi niliwawekea kompyuta. Ni ya zamani, haina nafasi ndani, kila kitu inasoma kwa diski moja. Wakulima wa huko walitaka ya mifugo. Zahanati ilitaka ya watoto. Nikaziweka zote mbili kwa diski hiyo moja."

"Na DOZI je?"

Evanson alifunga macho.

"Fundi! Majina mawili sawa hayakai kwa diski moja. Ya pili inakanyaga ya kwanza. Uliweka gani mwisho?"

"Ya mifugo."

"Ngai!" alisema Daktari Mutunga, na sasa yeye ndiye aliyetafuta kiti.

Simu ya hospitali ilikuwa kwenye ukuta wa korido. Syombua aliinyakua, akamwita opareta, akamlilia, akamtukana, akamwomba msamaha. Laini za Mbooni, upande huo wa Kikima, zilikuwa zimeangushwa na mvua, alisema opareta, ila moja. Wangoje.

Wakangoja. Land Rover iliegeshwa uani. Mlango ukabamizwa, buti zikaja zikikanyaga kokoto.

"Kikima, ongea," alisema opareta.

"Nipe mimi," alisema Mutindi. Alimvuta Bishar kwa pingu hadi kwenye simu. "Nesi wa hapo tulisoma naye. Atanisikia."

Sauti ya mwanamke ilikuja kutoka mbali, ikikwaruza, imejaa uchangamfu.

"Mutindi! Mwa! Umenikumbuka leo? Hujui tumepata kompyuta kama yenu?"

"Nisikilize. Hiyo kompyuta, mmeitumia kwa kwinini?"

"Haki hiyo kitu ni nzuri! Tangu asubuhi hatujashika kalamu. Malaria imetumaliza huku, zahanati imejaa watoto, lakini mashine inapima tu, sisi tunaweka dripu tu."

Mutindi aliikaza simu sikioni. Bishar, aliyefungwa naye, akavutwa karibu zaidi.

"Mmeweka kwa watoto wangapi?"

"Wangapi?" Nesi wa Kikima alicheka kidogo. "Ngoja nikahesabu."

"Usihesabu! Chomoa! Chomoa zote!"

Lakini simu ya Kikima ilikuwa tayari imelazwa mezani, na viatu vyake vilisikika vikienda zake, bila haraka, kuelekea wodini.